Hereni Zilimshinda Mfalme

Kuna bwana kaandika chini ya kipande cha tamthilia ya Kichina kwamba wanawake wa zamani walivaa walichoamriwa, ndiyo maana ndoa zilidumu. Akamiminiwa makopa. Ndoa zilidumu? Sheria za huko zilimpa mume sababu saba za kumwacha mke, mojawapo ni maneno mengi! Ila hilo la ndoa tuliache, mimi limenikera la nguo.

Kuamriwa, waliamriwa kweli. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima fukara aliyeanzisha utawala wa Ming mwaka 1368, alipokalia kiti akataka cheo cha kila mtu kionekane mwilini. Mke wa raia wa kawaida marufuku kutarizi kwa dhahabu, marufuku nyekundu iliyokolea, marufuku manjano. Mwaka 1381 wafanyabiashara wakanyimwa hata hariri nyepesi waliyoachiwa wakulima. Siku ya harusi tu ndipo bibi harusi aliruhusiwa kujipamba kama mke wa ofisa. Kesho yake avue. Ukarimu ulioje!

Halafu pesa ikaingia. Karne ya 16 madini ya fedha ya Japani na Amerika ya Kusini yalinunua hariri ya China, na mji wa Suzhou ukawa ndio unaoamua nini kinavaliwa. Wasomi wakabaki kulalamika vitabuni kwamba hawamjui tena mke wa mkubwa na mke wa mchuuzi. Pole yao.

Kichekesho chenyewe ni Qing, utawala uliofuata baada ya Ming. Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki, walipotwaa nchi, mwaka 1645 waliwalazimisha wanaume wa Kihan, yaani Wachina walio wengi, kunyoa nywele za mbele na kusuka za nyuma. Anayekataa anakatwa kichwa. Wanawake wa Kihan wakaachiwa sketi zao. Waliobanwa ni wanawake wa watawala wenyewe: gauni moja refu lenye mikono myembamba, miguu isifungwe (Wahan waliifunga ya mabinti kwa vitambaa ibaki midogo), na kila sikio hereni tatu. Mabinti wa familia za kijeshi walipelekwa ikulu kukaguliwa kabla ya kuolewa. Na huko huko ikulu, mbele ya mfalme, wakawa wanatokea na mikono mipana ya Kihan! Mwaka 1775 mfalme Qianlong, ambaye majeshi yake yalikuwa yameshaiteka Xinjiang yote, anakaa chini kutoa amri kwa kuwa kaona mabinti wana hereni moja moja. Mwaka 1804 mwanawe Jiaqing akakuta mabinti 19 wa kikosi kimoja wamefungwa miguu. Mwaka 1838 mjukuu, Daoguang, naye yuko pale pale, anakemea mikono mipana. Babu, mwana, mjukuu, wote wimbo mmoja. Sasa utii uko wapi?

Najua mtanirushia habari ya miguu. Haya, nakubali kwa shingo upande: si kila ukaidi ni uhuru. Serikali ilipiga marufuku kufunga miguu mwaka 1664, ikasalimu amri 1668. Mama ndiye aliyemkunja binti yake vidole akiwa na miaka mitano au sita, mtoto analia, kwa sababu bila mguu mdogo hapati mume wa maana. Mama huyo siwezi kumcheka wala kumtukana. Hasira yangu naipeleka kwa wakwe waliotaka kuona kiatu cha binti kabla hawajamwona binti mwenyewe.