Usiniambie Nitafakari, Niambie Nitulie

Dereva mmoja wa lori, mzee wa Mombasa aliyeanza kuvuka mpaka huu kabla mimi sijaota ndevu, alinicheka nilipomshauri atafakari. "Mwanangu, kutafakari ndio ugonjwa wenyewe. Usiku kucha natafakari. Natafakari ada ya shule, natafakari tairi, natafakari mzigo wa watu. Sasa unataka niongeze?"

Tulikuwa kwenye benchi la mama wa chai, upande wa Uganda hapa Malaba. Mfumo wa forodha ulikuwa umelala tangu asubuhi, na mimi niliye wakala wa mzee sina la kumwambia. Nilitafuta jibu nikalikosa, na mpaka leo naona mzee alisema kweli. Neno tulilolichagua kwa zoezi hili la kukaa kimya na kuifuata pumzi linatupoteza. Ukimwambia Mswahili atafakari, umemtuma akawaze zaidi, tena kwa kina. Wapo wanaosema taamuli, lakini hilo sijalisikia kwenye foleni ya malori hata siku moja. Neno tunalo, na kila mama humwambia mtoto anayelia: tulia.

Mimi nilifundishwa kutulia mwaka 2020, na sikufundishwa na mtaalamu wa mambo hayo. Ilikuwa miezi ile madereva wanasubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni imerudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya, wenye mizigo wananipigia simu saa nane za usiku kana kwamba virusi nimeviagiza mimi. Moyo ukawa unanienda mbio hata nikiwa nimelala. Nikaenda kliniki nikiwa na hakika ni presha. Nesi akapima mara mbili, akafunga kile kitambaa chake, akasema, "Presha yako iko sawa, kaka. Una mawazo." Kisha akanihesabia: vuta pumzi mpaka nne, itoe taratibu mpaka sita. Tukafanya hivyo dakika tano hivi, wagonjwa wengine wakitutazama mlangoni. Nilitoka nikiona aibu kidogo, lakini usiku ule nililala.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unaifuata pumzi ikiingia na kutoka. Wazo la deni likija, na litakuja kabla hujafika pumzi ya tatu, hulifukuzi wala hulifuati; unarudi kwenye pumzi. Utarudi mara hamsini, na huko kurudi ndiko zoezi. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu, mapigo ya moyo yanapungua, kwa kuwa kuna neva iitwayo vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na hiyo ndiyo breki ya mwili. Madereva nikiwaambia breki wananielewa upesi.

Nne na sita ni sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2001 matokeo ya watu 23 waliosoma rozari kwa Kilatini na kisha maneno ya yoga: zote mbili ziliwashusha kwenye kasi ileile, karibu pumzi sita kwa dakika. Basi bibi zetu wa rozari hawakuwa mbali na jambo hili. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema ni dini ya kigeni inayoingia kwa mlango wa nyuma. Anayetaka kutulia kidini ana pa kwenda: hekalu la Wabahai pale Kikaaya, Kampala, lipo tangu 1961, na Entebbe kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa 2005 na mtawa ambaye ni Mganda. Asiyetaka, abaki na msikiti wake au kanisa lake. Pumzi haina sajili ya waumini.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Kampuni moja niliyoifanyia kazi zamani ilitupeleka hotelini siku nzima, tukaketi kwenye mazulia, tukafundishwa kupumua na bwana mwenye sauti ya asali. Mshahara wa mwezi ule ulichelewa wiki tatu. Bosi asiyelipa kwa wakati hana uso wa kunifundisha kupumua. Kutulia hakulipi deni, na yeyote anayekuuzia hivyo anakuibia.

Hata hivyo, sitaki mtu aseme basi ni mchezo wa wenye hoteli. Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka hapahapa Uganda, kwenye kambi ya Rhino Camp, West Nile. Wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, walishirikishwa kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2020. Nusu ya vijiji hivyo walikaa katika makundi, mara tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba ikiwaelekeza namna ya kurudi kwenye pumzi na kwenye ardhi waliyoikanyaga pindi mawazo yanapowavuta. Hapakuwa na daktari wala zulia. Miezi mitatu baadaye bado walikuwa na nafuu kuliko wenzao, ingawa si nafuu kubwa ya kushangaza. Mimi nafuu ndogo naichukua. Naona pia siri ilikuwa ni kukaa pamoja na kusikia lugha ya nyumbani. Mtu peke yake na simu yake huacha siku ya nne.

Kuna wasiofaa kuachiwa pumzi tu. Mwenzetu mmoja hakulala wiki nzima, akaanza kujibu watu tusiowaona. Huyo tulimpandisha gari mpaka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, zaidi ya kilomita 200, na sindano ndiyo iliyomrudisha. Na aliyepitia vita au ajali mbaya akifumba macho anaweza kuyaona yote upya. Huyo afanye macho wazi, akitazama kikombe chake cha chai, au aache.

Mzee wa Mombasa neno "kutafakari" bado halitaki. Juzi nilikwenda kumtafuta na makaratasi yake, utingo akaweka kidole mdomoni mwake kunionya ninyamaze. Mzee alikuwa ndani ya kichwa cha lori, redio imezimwa, mikono juu ya usukani, macho kwenye kioo, mabega yakipanda na kushuka polepole. Nikasubiri chini. Aliponiona akashusha kioo, akauliza kama mfumo umerudi.

Ulikuwa bado.