Mbunge aliyekaa bungeni miaka 64, na wetu wa kununua majeneza

Nilipofika Marekani mwaka 2007 nilianzia jikoni kwenye baa moja ya Milwaukee, nikiosha vyombo. Moshi wa sigara ulijaa mpaka kule nyuma kwenye masinki. Usiku nikirudi, koti nililitundika nje ya mlango, kwa sababu mke wangu alikuwa mja mzito na harufu ile ilimtapisha. Julai 2010 mambo yakaisha kwa siku moja: sheria ikapiga marufuku sigara kwenye baa na mikahawa ya jimbo zima la Wisconsin. Nikauliza nani kaileta. Miongoni mwa walioibeba alikuwa mzee wa Madison, mji mkuu wa jimbo hilo, Fred Risser, aliyekuwa akipigana na moshi huo tangu miaka ya 1980.

Ndivyo nilivyoanza kumfuatilia. Mzee Moi wetu aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Risser alichaguliwa kwenye bunge la Wisconsin mwaka uliofuata. Mwaka 1962 akaingia seneti ya jimbo, na hakutoka humo hadi Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 93. Miaka 64! Hakuna mtunga sheria mwingine Marekani aliyekaa hivyo, awe wa jimbo au wa taifa. Babake aliwahi kuwa seneta, babu mzaa mama alikuwa mbunge, na baba wa huyo babu pia, kila mmoja kwa chama chake.

Nikiwa Kenya ningesema huyo ni mng'ang'anizi, ang'olewe. Na ukweli usemwe, kiti chake kilikuwa salama: Madison ni ngome ya chama chake, Democrats, na kuna chaguzi alizopita bila mpinzani. Lakini nilihamia Madison mwaka 2011, nikaona maana ya mtu aliyezijua kanuni. Gavana alileta mswada wa bajeti wa kuwanyang'anya wafanyakazi wengi wa umma karibu haki yote ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Seneti ina viti 33, na mswada wa fedha haupigiwi kura bila maseneta 20 kuwepo. Republicans, chama cha gavana, walikuwa 19. Basi Democrats wote 14 wakavuka mpaka kuingia Illinois, ambako polisi wa Wisconsin hawawezi kuwafuata, wakakaa huko kama wiki tatu. Risser alikuwa na miaka 83, naye alikuwemo. Mwishowe Republicans waliyatoa mambo ya fedha kwenye mswada wakaupitisha, ila kwa wiki hizo tatu nchi nzima ilijua kilichomo ndani yake.

Nyumbani, Kilifi, mwakilishi wetu wa wadi simu yake hailali. Huyu anataka basari, yule mabati, mwingine jeneza na gari la kupeleka maiti. Matanga asipofika, jina limeharibika. Nami nilikuwa mmoja wa hao waombaji, karo yangu ya kidato cha nne ilichangiwa kwa harambee ya mheshimiwa, na sitaidharau fadhila ile hata siku moja. Hapa Madison jirani yangu alifiwa, sikuona mwanasiasa mlangoni. Hilo la kwetu ni utu, na nalikosa sana.

Lakini hesabu yake tunailipa. Mtu wa kuzika kila Jumamosi atausoma mswada saa ngapi? Pesa hizo zinatoka wapi? Miaka mitano ikiisha mifuko imekauka, tunamfagia, tunaleta mwingine aanze kujifunza upya. Sheria yetu ya tumbaku ilipitishwa 2007 ikaanza kazi 2008, miaka miwili kabla ya hii ya Wisconsin! Tuliwatangulia. Lakini muulize mtu yeyote sokoni ni mbunge gani aliyeibeba.

Binamu yangu anautaka udiwani 2027, akanipigia nimchangie. Nikamwambia, ndugu yangu, nitatoa, ila kwanza nieleze mswada mmoja tu utakaoupeleka bunge la kaunti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema maji, visima vinavyochimbwa na kuachwa bila mtu wa kuvitunza. Tuliuandika kwa simu, kifungu kwa kifungu, mpaka kwangu ikawa saa sita usiku na kwake jua limeshapanda.