Kufuta Gemu na Kuiweka Upya Si Usafi

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia simu na sauti ya mtu aliyefiwa. "Kaka, Skyrim imegoma. Nimeifuta nikaiweka upya mara tatu. Nikiifungua, nembo inatokea, halafu inanirudisha kwenye desktopu." Nikamuuliza nani kamwambia aifute. Akajibu, "Kila mtu."

Huyo kila mtu ndiye ninayemtafuta leo.

Sijui ushauri huu ulianzia wapi, lakini umekuwa dawa moja ya kila ugonjwa. Rangi za wahusika zimegeuka zambarau? Futa, sakinisha upya. Sauti haitoki? Futa, sakinisha upya. Umeweka modi sitini, zile nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji, kwa wiki mbili na hukumbuki hata moja imetoka wapi? Wewe futa tu, ndugu yangu, sakinisha upya. Anayeshauri hana cha kupoteza. Usiku kucha wa kupakua si wake, bando si lake.

Lancha, ile programu ya kupakua na kufungua gemu kama Steam, inapofuta gemu, inafuta kile inachokijua. Ina orodha ya faili ilizozileta yenyewe, na hizo ndizo inazoziondoa. Zile ulizoziingiza kwa mkono wako haizitambui, kwa hiyo inaziacha palepale. Ukitumia Steam, ingia steamapps\common baada ya kufuta gemu yenye modi, utaikuta folda yake bado imekaa na mabaki yote ndani. Halafu unapakua upya, gemu inatua juu ya mabaki yaleyale. Umebadilisha mashuka, kunguni wamebaki kwenye godoro. Kile kitufe cha kuhakiki faili nacho hakitakuokoa. Kinaangalia kama faili za asili zipo na ni nzima, kinarudisha zilizopungua au kubadilishwa, basi. Za ziada hakiziulizi zimefuata nini.

Ndicho kilichompata mdogo wangu mara tatu mfululizo.

Sasa neno langu ni hili, na nitalirudia mpaka mnichoke: folda ya gemu si yako. Umelipia gemu, sawa, lakini kwenye ile folda wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba ana funguo zake, anaingia usiku wa manane na apdeti, anahamisha fanicha, anabadilisha kufuli, na asubuhi hakuachii hata kikaratasi. Mpangaji mwenye akili hachimbii hela zake chini ya sakafu ya nyumba ya watu. Modi zako na seivu zako, yaani hatua za mchezo ulizohifadhi, zikae mahali pako, na folda ya gemu iwe kitu unachoweza kukifuta saa yoyote bila chozi.

Nimeishi kinyume cha hilo kwa miaka mingi, najua ninachosema. Mtindo wangu ulikuwa ule wa wote: pakua zipu, ifungue, buruta yaliyomo uyamwage kwenye Data, folda ya maudhui ndani ya Skyrim, Windows ikiuliza kama nibadilishe faili zilizopo nabofya ndiyo bila hata kusoma. Ile ndiyo ndogo ndiyo iliyoniponza. Tuseme modi ya kwanza inaleta tekscha (picha za sura ya nje) mpya za mawe, na modi ya pili inaleta mji mzima pamoja na tekscha zake za mawe zenye majina yaleyale. Ya pili inaikalia ya kwanza, na ya kwanza imepotea jumla. Wiki ijayo unaichoka ya pili, unafuta faili zake moja moja kwa kufuata orodha. Unadhani ya kwanza itarudi? Irudi kutoka wapi? Pale pamebaki shimo. Na usiombe uwe umeikalia faili ya gemu yenyewe.

Halafu kuna kile kipindi cha upelelezi. Saa saba usiku, umefungua folda ya meshes yenye maumbo ya vitu, umezipanga faili kwa tarehe ukitegemea zilizoingia jana zitajitokeza juu. Hazijitokezi. 7-Zip ikifungua zipu inaziachia faili tarehe ambayo mtengenezaji alizihifadhi, kwa hiyo faili uliyoiweka jana jioni inakuambia imezaliwa 2016. Zimejipanga pale kama mashahidi wa uongo, kila moja na tarehe yake, na wewe huna hata moja ya kumkamata mwizi. Nilikaa hivyo usiku mmojawapo nikihesabu faili za viatu. Viatu! Gemu ambayo nacheza kwa kuangalia kupitia macho ya mhusika, miguu yake siioni.

Kilichonitoa kwenye maisha hayo ni Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi. Sitawaeleza jinsi ya kuitumia, maelekezo yamejaa kila kona. Ninachotaka mkione ni wazo lililo ndani yake, kwa sababu hata kwa gemu isiyoungwa mkono na programu hiyo wazo ni lilelile. Kila modi inakaa kwenye folda yake, nje kabisa ya gemu. Unapoifungua gemu kupitia kwayo, programu inaionyesha gemu picha ya folda iliyounganishwa, kana kwamba kila kitu kimo ndani ya Data. Ukifunga gemu, picha inatoweka. Fungua Data kwa mkono na hutaona chochote cha ziada. (Wageni wengi hapa hupata mshtuko: "Modi zangu ziko wapi?" Ziko salama, tulia.) Modi mbili zikigombea faili moja, unaona kialama cha radi pembeni, cha kujumlisha kwa inayoshinda na cha kutoa kwa inayoshindwa. Unazipandisha na kuzishusha kwenye orodha hadi uridhike. Hakuna kilichofutwa. Aliyeshindwa leo ukimshusha kesho chini ya mwenzake anashinda.

Vortex, programu nyingine ya kupanga modi, inafuata njia tofauti. Yenyewe hutumia viungo vigumu vya NTFS, faili moja kuwa na majina mawili kwenye diski, na ndiyo maana inadai folda yake ya modi iwe kwenye diski ileile ya gemu. Nayo ni nzuri. Sitaki ugomvi na watu wa Vortex, nina ugomvi wa kutosha.

Watu wa Minecraft ndio hawana udhuru kabisa. Prism Launcher inakupa kila mchanganyiko wa modi na nyumba yake, toleo lake, seivu zake, kisha mtu bado anazirundika modi za Forge na za Fabric, mifumo miwili isiyoelewana, kwenye folda moja ya .minecraft na kushangaa moto ukiwaka.

Sawa, nikubali kidogo. Mtu mwenye modi tatu, moja ya kuongeza uwezo wa begi, moja ya ramani, moja ya kuondoa ile video ya mwanzo, hana haja ya mitambo yote hii. Aziweke kwenye Data aishi kwa amani. Ila sijawahi kumwona mtu mwenye modi tatu zaidi ya mwezi mmoja. Na ni kweli pia kwamba zipo faili zisizo na jinsi, lazima zikae kando ya exe, faili inayoifungua gemu: SKSE yenyewe, ambayo modi nyingi za Skyrim huitegemea, na zile za kupendezesha picha, d3d11.dll ya ENB na dxgi.dll ya ReShade. Haya, ziweke. Lakini ziandike! Faili moja ya maandishi, humohumo kwenye folda: niliweka nini, lini, toleo gani. Mistari minne. Inachukua muda mfupi kuliko kungoja gemu ifunguke.

Stardew Valley, nikitoka nje ya mada kidogo, ina jambo moja ninalolipenda mno. SMAPI, programu inayopakia modi zake, huipuuza folda yoyote ya modi ambayo jina lake linaanza na nukta. Unataka kuizima modi? Weka nukta mbele ya jina. Umemaliza. Laiti gemu zote zingekuwa na adabu hiyo. Linganisha na The Sims 4, ambako modi za skripti hazisomwi zikizama zaidi ya folda moja ndani ya Mods, kwa hiyo wewe mpenda mpangilio, uliyejenga folda ndani ya folda ndani ya folda, unaadhibiwa kwa usafi wako.

Zipu zenyewe msizitupe. Najua diski imejaa. Tupa kitu kingine. Modi si gemu, haina kampuni nyuma yake inayoilinda. Ina mtu mmoja aliyeitengeneza jioni baada ya kazi, na siku akikasirika anaiondoa. Mwaka 2021 Nexus Mods, tovuti kubwa ya modi, walipotangaza kwamba faili zitakuwa zinahifadhiwa badala ya kufutwa moja kwa moja, baadhi ya watengenezaji waliwahi kuziondoa kazi zao kabla mlango haujafungwa, na kuna waliobaki wakitafuta modi zilizokuwa uti wa mgongo wa gemu zao. Aliyekuwa na zipu yake alilala usingizi. Na uipe jina linaloeleweka basi. Nimewahi kuwa na zipu nne zote zinaitwa "main", zikitofautiana kwa namba kwenye mabano. Siku hizi naandika jina la modi, toleo, na tarehe niliyoipakua, mwaka ukitangulia ili zijipange zenyewe.

Sasa niungame, maana mmeshaanza kudhani mimi ni mtakatifu. Diski C ilijaa, nikaihamishia folda yangu ya modi D na kuacha kiungo mahali pa zamani kwa amri ya mklink /J. Ilifanya kazi vizuri sana, vizuri kiasi kwamba nilisahau. Miezi ikapita. Siku moja natafuta nafasi, nakuta folda ya modi C, na nyingine ileile D. Nikajisemea, tazama huyu mjinga, ana nakala mbili. Kialama cha mshale kwenye ile ya C nilikiona kwa macho yangu haya nikakipuuza. Nikaingia ndani, Ctrl na A, Shift na Delete, ndiyo. Nikaenda D kuifurahia iliyobaki. Tupu. Nyeupe. Kiungo cha namna ile ni mlango tu. Ukiingia na kufagia, umefagia chumba chenyewe. Nilikaa nikiitazama ile folda tupu kwa muda, kisha nikaizima kompyuta nikaenda kulala saa mbili na nusu usiku kama mtoto.

Zipu ndizo zilizonirudisha. Siku mbili za kufungua na kupanga, lakini nilirudi. Seivu hazikuguswa kwa sababu zilikuwa kwingine, na hapo wala si kwa akili yangu, ni kwa sababu kila gemu huzificha seivu inakotaka yenyewe. Moja kwenye Documents\My Games, nyingine ndani ya AppData, ambayo hata haionekani usipoambiwa kuonyesha vilivyofichwa. Zitafuteni leo, muwe na nakala kwenye diski nyingine. Ya tatu ikiwezekana.

Mengine kwa haraka. Usiweke gemu yenye modi ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista folda ile inalindwa, na modi yako itakuwa inaomba ruhusa kila ikigeuka. Weka D:\Gemu, jina fupi, kwa sababu bado kuna programu zinazokwama njia ya faili ikipita herufi 260. Na apdeti za Steam ziagize zisubiri mpaka ubofye kuicheza gemu.

Mdogo wangu tulimaliza naye karibu saa nane. Kule kwenye Data\SKSE\Plugins kulikuwa na faili kumi na moja za dll za toleo la 1.5.97, gemu yenyewe imeshahamia 1.6. Zilikuwepo tangu ufutaji wa kwanza, zikashuhudia wa pili na wa tatu. Nikamwambia aihamishe folda nzima ya gemu pembeni, aipakue mara ya nne na ya mwisho, ainakili ikiwa bado safi, ndipo modi zifuate, kila moja chumbani kwake. Na aandike ile faili ya maandishi.

Leo asubuhi kanitumia picha ya skrini. D:\Gemu, D:\Modi, D:\Zipu, D:\Seivu, zimenyooka kama askari wa gwaride. Nikavuta picha karibu nione faili yake ya maandishi. Inaitwa "soma kwanza", ukubwa wake KB 0.