Kabla ya pipa kubwa, nunua kipimajoto

"Shikamoo anko. Ndoo za kutengenezea mvinyo zimenichosha. Hela ya korosho ikiingia nataka pipa la lita 200. Unanishaurije?"

Ujumbe huo ni wa mpwa wangu aliyeko Tandahimba. Nilimpigia, tukaongea karibu saa nzima, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeniuliza jambo hili msimu ukikaribia, nimeona niyaandike hapa.

Tunazungumzia mvinyo wa mabibo, yale matunda laini yanayobeba korosho, ninaoutengeneza nyumbani hapa Mtwara mjini kwa ajili ya familia na wageni wa sikukuu. Sizungumzii gongo. Kukeneka pombe kali bila kibali ni kosa kisheria, na sitamshauri mtu anunue mtambo wake. Hata mvinyo wenyewe, ukitaka kuuza, kuna leseni na kuna viwango vya kufuata. Hapa naongelea mtu wa nyumbani aliyeanza na ndoo na sasa anataka kupiga hatua.

Mimi nilianza kama alivyonifundisha mama mdogo kule Newala: ndoo mbili za lita 20, kinu, kifumbu cha kuchujia tui, na kipande cha kanga cha kufunika ndoo. Kwa vifaa hivyo nimewahi kupata mvinyo ambao mpaka leo watu wanauulizia. Kwa vifaa hivyohivyo, wiki iliyofuata, nikapata siki. Mabibo yalitoka mkorosho uleule, sukari ileile, hamira ileile, na sikuweza kumwambia mtu yeyote nini kimebadilika. Ndoo haikuwa na kosa la udogo. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa sijui kinachoendelea ndani yake, na pipa kubwa lisingenisaidia kujua.

Halafu lipigie hesabu hilo pipa. Bibo halingoji. Likianguka leo, kesho limeshaanza kuchacha lenyewe na wadudu wameshalifikia, kwa hiyo mabibo ya kutia pipani yote yakamuliwe siku moja. Kwa kifumbu, debe moja hunipa kama lita sita za maji yake. Lita 200 ni madebe zaidi ya thelathini. Nani anakamua madebe thelathini kwa mkono kati ya asubuhi na jioni, tena akiwa ameshatoa korosho moja moja kwa uzi? (Tumieni uzi, jamani. Korosho ikivutwa kwa nguvu inatoka na kipande cha bibo, na mafuta ya ganda yakiingia kwenye maji yanawasha midomo.) Na mapipa mengi ya bluu yanayouzwa mitaani yamebeba kemikali kabla hayajafika kwako. Plastiki hunyonya. Ukiosha mara kumi bado hujui kilichobaki, na mvinyo una tindikali na kileo, vitu viwili vinavyojua kukitoa kilichojificha humo.

Kifaa changu cha kwanza cha maana kilikuwa kipimajoto cha kawaida cha kuchovya, cha bei ndogo kabisa. Nilikitumbukiza kwenye ndoo usiku wa tatu, povu likiwa limepanda hadi ukingoni. Chumbani kulikuwa na nyuzi 29. Ndani ya ndoo, 35. Nilikaa pale na tochi nikiisoma ile namba mara mbili tatu. Hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na juu ya nyuzi 30 inaanza kutoa ladha kali za kuchoma koo na harufu ya rangi ya kucha. Miaka yote nilikuwa nayalaumu mabibo, kumbe ni joto la Mtwara la mwezi wa kumi na moja.

Mama mdogo alinishangaa nilipomweleza, kwa sababu ndoo zake hazina tabia hiyo. Lakini Newala iko juu kwenye uwanda, usiku kuna baridi ya kujifunika. Maarifa yake yalikuwa sahihi kwa mahali pake. Sisi wa huku chini, Mtwara, Mikindani, Lindi, lazima tupoze. Ninachofanya: chombo kinakaa kwenye beseni pana lenye maji, kinavishwa taulo lililolowa linalogusa yale maji, na asubuhi na jioni natumbukiza kwenye beseni lile chupa mbili za maji yaliyogandishwa. Siku zile nne tano za mwanzo ndizo za kukesha nazo. Baada ya hapo moto wake unashuka wenyewe. Kuna wanaonunua friji kuukuu na kuifunga kidhibiti joto. Ni kitu kizuri, lakini si cha hatua ya pili. Beseni kwanza.

Kifaa cha pili ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, chenye namba ubavuni. Maji matupu yanasoma 1.000. Maji ya mabibo niliyokamua mwaka jana yalisoma 1.045. Yakiachwa hivyo yangeishia kwenye kileo cha asilimia sita hivi, na pombe ya namna hiyo haikai muda mrefu kwa joto letu. Niliongeza sukari karibu kilo mbili na nusu kwenye lita 20, ikapanda hadi 1.085, na mwisho wake nikapata kama asilimia kumi na moja. Hesabu ni rahisi: toa namba ya mwisho kwenye namba ya mwanzo, zidisha kwa 131. Nyingi kati ya haidromita hizi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na maji yetu ni nyuzi 30, kwa hiyo ongeza pointi mbili hadi tatu kwenye tarakimu ya mwisho. Kabla ya hapo nilikuwa natia sukari kwa kukisia na kuonja. Ulimi unadanganywa na ukakasi wa mabibo. Unadhani sukari haitoshi wakati imeshazidi.

Haidromita ndiyo pia inayokwambia ni lini uweke kwenye chupa. Namba ikisimama palepale siku tatu mfululizo, hamira imemaliza. Ikiwa bado inashuka na wewe umeshaziba, unatengeneza bomu la kioo. Nimewahi kufagia vigae vya chupa sita jikoni saa nane usiku, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Toka siku hiyo sizibi chupa bila kupima.

Chombo chenyewe cha kuchachulia hakihitaji fedha nyingi. Yale machupa makubwa ya maji ya kunywa, ya karibu lita 19, yanafaa sana. Yanaonyesha kilichomo, yametengenezwa kwa ajili ya kitu cha kunywa, na shingo yake nyembamba inapunguza hewa. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba wa dripu ambao haujatumika, ziba pembeni kwa nta, ncha ya pili izame kwenye chupa ndogo yenye maji. Hewa inatoka kwa mapovu, hakuna inayorudi ndani, na inzi wadogo wa matunda, hao wanaobeba vijidudu vya siki, hawana pa kupitia. Kanga ikilegea kidogo tu, wanaingia. Usilisugue chupa kwa steel wire wala kwa mchanga, maana kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu. Kitambaa laini kinatosha. Likiwa safi, suuza na dawa ya klorini iliyochanganywa na maji mengi, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa. Klorini na siki visikutane kamwe; hewa yake inaua.

Hamira nayo niseme kidogo. Ya mandazi inafanya kazi, ila mara nyingi inachoka mapema na kuacha harufu ya mkate. Pakiti ya gramu tano ya hamira ya mvinyo inatosha lita 20. Kama una mtu anakuja kutoka Dar es Salaam, mwagize kadhaa, ziweke kwenye friji.

Sasa mashine ya kukamulia. Hapa ndipo fedha kubwa inapotakiwa, na hapa ndipo nilipopata hasara iliyoniuma. Mashine ya skrubu, ile ya kuzungusha mpini kushindilia sahani juu ya tunda, inanipa lita tisa hadi kumi kwa debe badala ya sita, na mikono inabaki mizima. Nilimpa kazi fundi mmoja wa kuchomelea, akanitengenezea kwa chuma cha kawaida, imara kweli, akaipaka rangi ya fedha. Debe la kwanza nikakamua. Maji yalianza kutoka ya manjano kama kawaida, baada ya dakika chache yakaanza kuwa ya kijivu, na yalipojaa ndoo yalikuwa meusi kama wino. Niliyaonja, yakawa na ladha ya msumari. Rangi ilikuwa imechubuka, na ule ukakasi wa mabibo, tanini yake, ukikutana na chuma kitupu hutoa weusi. Nilimwaga madebe manne siku ile. Fundi hakuwa amekosea kazi yake. Mimi ndiye sikumwambia kitakachopita mle.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mweleze hivi: fremu na skrubu viwe vya chuma chochote, lakini sahani, ndoo ya matundu na trei ya kupokelea, yaani kila kinachogusa tunda, viwe vya stenlesi. Fedha isipotosha, mbao ngumu isiyo na rangi na mfuko wa kitambaa ndani yake vinafaa kabisa. Hayohayo kwa sufuria: ya alumini usiiachie maji ya mabibo yalale humo, tindikali inaila. Sufuria moja ya stenlesi ya lita kumi inatosha kuyeyushia sukari na kuchemshia maji.

Ukakasi nao hauhitaji kifaa cha kununua. Chukua wanga wa muhogo, kama gramu 40 kwa lita 20, upike uji laini, upoe, koroga kwenye maji ya mabibo kabla ya kutia hamira na uyaache yatulie saa chache mahali pa baridi. Mashapo yanashuka na sehemu kubwa ya ukakasi. Yanyonye maji ya juu kwa mpira, usiyamimine. Wanaopitia mafunzo ya usindikaji pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti, wanajua mengi zaidi kuhusu bibo kuliko nitakavyoweza kuandika hapa, na mwenye nafasi aende akaulize.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya kile ninachokiona kila msimu. Kila kilo ya korosho inayopelekwa ghalani imeacha nyuma kilo nane hadi kumi za mabibo, na mengi yanaoza palepale chini ya mkorosho. Tunabishana bei ya mnada mpaka usiku, na tunda lenye vitamini C kulishinda chungwa mara kadhaa tunalikanyaga. Nikisikia kijana amekata tamaa kwa sababu pipa lake la kwanza liligeuka siki lote, naona tumepoteza mtu ambaye angelipa bibo thamani yake.

Mpwa wangu alinisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa anko, pipa lini?" Nikamwambia akishapata machupa matano mfululizo yenye ladha moja, namba zake zote zikiwa zimeandikwa kwenye daftari, tutaongea. Alikubali bila furaha. Jana jioni ameniandikia tena: machupa manne ya maji ameshapata, beseni anaazima kwa mama yake, na mimi nimtafutie haidromita mbili, kwa sababu ni za kioo na nyumba yao ina watoto.