Ukinunua multimita, mwambie muuzaji aifungue mgongo

Kila mwenye gari hapa Mombasa anafaa kuwa na multimita, yaani kifaa kidogo cha kupima umeme, yake mwenyewe nyumbani. Betri zinabadilishwa kwa kukisia tu. Gari likikataa kuwaka kwenye foleni ya feri ya Likoni, la kwanza utakaloambiwa ni kwamba betri imekufa. Unatoa maelfu ya shilingi, na haupiti muda gari linagoma tena, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye betri.

Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula viungo vya waya kimya kimya. Waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari na injini ndio huumia sana, tena kwa nje waweza kuuona mzima. Hapo ndipo mita ndogo inapokuokoa. Iweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, kipimo cha 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma kama 12.6, ukiona 12.0, chaji imebaki kidogo sana. Injini ikiwaka inafaa kupanda hadi baina ya 13.8 na 14.5, ndipo ujue alternata inachaji. Halafu gusa ncha moja ya waya za mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye klipu yake, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti wakati stata inazunguka, umeme unapotelea kwenye waya huo au viungo vyake. Fungua, piga msasa, kaza, paka grisi. Gharama yake ni karatasi ya msasa.

Kwa kazi hiyo, ile mita ya manjano ya aina ya DT830, ambayo haifiki shilingi elfu moja, inatosha kabisa. Volti 12 hazitakudhuru mwilini, na kosa dogo la kipimo halibadilishi jibu. Hakikisha tu ina mlio wa kupima waya uliokatika, maana baadhi yake hazina, na bila mlio utahangaika kutazama kioo huku mikono imo ndani ya boneti.

Lakini ukutani, ndugu yangu, usiipeleke. Hapa ndipo nina neno na wauzaji wanaosema, "Chukua hii, inapima mpaka volti elfu moja." Tazama tundu lake la ampea 10: nyingi zimeandikwa palepale kwamba halina fyuzi. Mtu amepima ampea za gari leo, akaacha waya mwekundu kwenye tundu hilo, kesho akachomeka ncha kwenye soketi ya volti 240 kutazama kama kuna stima. Hiyo ni shoti ya moja kwa moja, na kifaa kinacholipuka amekishika mkononi.

Kwa hivyo mita ya nyumbani iongezee pesa, hata mara tatu au nne ya bei ya ile ya manjano, na pesa hizo ziende kwenye usalama. Utaona alama za CAT, yaani daraja la usalama la mita: CAT II ni ya soketi na vifaa vinavyochomekwa, CAT III ni ya boksi la fyuzi na waya za ndani ya jengo. Mimi nashauri CAT III, volti 600. Ila alama ni wino tu, yeyote anaweza kuichapisha, ndiyo maana nasema mgongo ufunguliwe palepale dukani. Tafuta fyuzi mbili, moja ya kila tundu la ampea, ziwe nene za kauri. Fyuzi nyembamba ya kioo inaweza kupasuka na moto wa umeme ukaendelea kuruka ndani yake. Ya kauri iliyojazwa mchanga huuzima. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka la pili.

Kisha zishike waya zake. Ziwe laini na nene, plastiki ifunike ncha karibu yote, ibaki milimita chache tu za chuma. Waya kavu zinazokatika shingoni ni hatari kuliko mita yenyewe.

Kipimo cha joto, cha transista, tarakimu nyingi kwenye kioo: hivyo vyote sivilipii. Mwenye inveta ya sola anaweza kuhitaji "True RMS", maana baadhi ya inveta hutoa umeme usio laini na mita ya kawaida hukosea kuusoma. Wengine tuachane nayo.

Kabla ya kugusa waya unaoamini umezimwa, pima kwanza soketi unayojua ina stima, kisha pima waya huo, kisha rudi kwenye soketi ile. Mita iliyokufa katikati ya kazi husoma sifuri, na sifuri hiyo humdanganya mtu akashika waya hai.

Na ukiona alama ya betri kwenye kioo, badilisha betri ya mita siku hiyo hiyo. Nyingi za bei nafuu, betri yake ikichoka, huanza kusoma juu kuliko kweli. Betri ya gari iliyo hoi itaonekana ina 12.6, nawe utaanza kumtafuta mchawi kwenye stata.