Msimsifie Viroba vya Unga

Juzi tulimuaga mkuu wa mawasiliano wa kampuni moja hapa mjini, mama aliyeanzia chumba cha habari, akahamia benki, akamalizia kampuni ya simu. Ukumbi Masaki, keki ya ghorofa tatu, MC kang'aa kuliko mstaafu. Wasifu wake ulisomwa mbio kama matangazo ya vifo redioni, hadi ulipofika "moyo wake kwa watoto". Hapo taa zikazimwa, skrini ikawaka, kinanda kikaanza kulia.

Jamani, ile video! Watoto wa kituo cha yatima wamepangwa mistari, fulana zenye nembo zimewafika magotini, hundi ya mfano imewaziba wa mbele hadi puani. Dada yetu anamkabidhi mtoto kiroba cha unga asichoweza hata kukiinua. Mtoto kashika pembe tu, macho kwenye kamera kama alivyoelekezwa. Ukumbi mzima makofi. Mimi nilinuna, lakini si kwa sababu mnayodhani.

Sisemi alikuwa anajitangaza. Hilo walilisema wa meza ya nyuma, watu ambao hawajawahi kumpelekea yatima hata mche wa sabuni. Afisa uhusiano asipotangaza, analipwa kwa lipi? Mbio za benki ya CRDB zilizoanza 2020 zina mabango, fulana na waheshimiwa wa kutosha, na pesa zake zimesaidia watoto kupasuliwa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete. Mzazi anayetoka pale na mwanawe mzima hana muda wa kuuliza nembo ya nani ilikuwa kubwa.

Kinachoniudhi ni kwamba tulimsifia kile kidogo kuliko vyote alivyofanya. Nimekaa naye ofisi moja. Kila bajeti ilipopangwa alikuwa anagombana na idara ya fedha ili ada na bima za wale watoto ziingie kwenye matumizi ya kudumu, zisibaki "msaada" wa Desemba. Bosi wa fedha anaufuta mstari, yeye anaurudisha. Na kwenye pochi lake, pembeni ya poda na chaja, hakikosekani kibahasha cha kaki kilichojaa fotokopi: alikuwa anafuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto hao RITA, kwa wakala wa serikali wa usajili. Mtoto aliyeokotwa hana wa kumtajia jina la baba wala mahali alipozaliwa, na bila cheti kila dirisha linamrudisha. Dada yetu alijua mlango gani ubishwe, nani apigiwe simu kabla ya saa nne hajaingia kikaoni, barua iandikweje isiishie kwenye droo. Huo ndio ufundi wa uhusiano, na aliutumia kwa watu wasioweza kumlipa. Unga uliliwa ukaisha. Kwenye ile video, kaki haikuonekana hata sekunde moja.

Mnaopenda "kutembelea kituo", mmewahi kuiona siku hiyo kwa upande wa watoto? Wanakalishwa juani tangu saa tatu, mgeni rasmi anafika saa saba, foleni ya Mbagala hiyo. Waimbe, washukuru, wapigwe picha. Jumatatu shuleni wenzao wameshawaona mtandaoni, na jina la utani limepatikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Wanasheria wa makampuni wanaijua vizuri sana, hasa inapohusu namba za simu za wateja.

Haya, kwa shingo upande nakubali: bodi bila picha haielewi. Mwenyewe aliwahi kuniambia, "Mdogo wangu, bila lile lihundi likubwa, hizo ada ningezitoa wapi?" Nikakosa la kusema. Lakini si lazima iwe sura ya mtoto. Pigeni picha madawati, matanki ya maji, bosi wa fedha akishusha magunia jasho likimtiririka. Hiyo hata mimi ningeisambaza.

Aliyemrithi, nasikia, ni kijana mchangamfu, na kashaanza kutafuta droni ya Desemba. Nilipopiga simu kuuliza faili la vyeti vya watoto kakabidhiwa nani, nikajibiwa: "Faili gani tena, kaka?"