Dirisha la Pwani kwenye Upepo wa Ugogoni

Jamani, hivi mlango wa mbele kazi yake nini? Wangu una kitasa, komeo juu, komeo chini, na bado upepo unaingia bila hodi. Unapita sebuleni, unafunua daftari la mtoto, unatokea jikoni. Mwizi angehangaika hapo nusu saa.

Ndugu zetu wa Dar nikiwasimulia wanacheka. Wao Dodoma wanaijua kwa jua tu. Waje Juni au Julai, alfajiri, wasimame Nkuhungu na kaptula zao. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, bwana. Mvua ikishaaga mwezi wa nne au wa tano, mpaka karibu Desemba unachopata ni upepo wa kusini-mashariki na vumbi jekundu. Hilo vumbi nalo halina mipaka: limo kwenye sukari, limo masikioni, limo hadi kwenye bahasha ya vyeti iliyofungwa na gundi. Mama watoto anafuta meza asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Kitinda mimba wetu herufi kajifunzia hapo hapo, daftari tumeokoa.

Mimi namlaumu mchora ramani. Makao makuu yaliamuliwa kuhamia Dodoma tangu 1973, lakini watu walipoanza kuhama kweli kuanzia 2016, ramani za nyumba nazo zilipanda basi. Nyumba ninayopanga imechorwa kwa ajili ya mtu wa Mbezi Beach anayetafuta upepo wa bahari: madirisha mapana ya alumini, yale ya kusukuma, yote yametazama kule kule upepo unakotokea. "Yanaleta hewa," anasema baba mwenye nyumba. Hewa ya Dodoma tangu lini ikahitaji kuletwa?

Babu jirani yangu, Mgogo wa kuzaliwa, amekulia kwenye tembe: nyumba fupi, paa bapa la udongo, ukuta mnene, vitundu vidogo vya kuhesabika. Upepo unapita juu, wenyewe wako ndani wanakula ugali wa uwele na mlenda. Siku moja aliyatazama madirisha yangu, akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, dirisha lote hilo unamchungulia nani?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Nikaita fundi. Akagusa fremu, akatikisa kichwa, akauliza, "Nani alikufungia haya?" Mafundi wote huuliza hivyo, nadhani ndilo somo lao la kwanza. Kumbe pembeni mwa vioo vya kusukuma kuna mstari wa brashi, vinyweleo vinavyozuia upepo na vumbi, na vyangu vilikuwa vimeisha kabisa. Akaweka vipya, akapiga silikoni pale fremu inapoachana na ukuta. Mimi kwa bidii zangu nikaanza kuziba vitundu vya kwenye reli ya chini. Akanishika mkono: "Bosi, hivyo acha. Ndivyo vinavyotoa maji ya mvua, ukiziba yataingia ndani." Haya. Namlipa mtu azibe matundu, na matundu mengine ananilinda nisiyaguse.

Mlango una kesi yake. Seremala aliupiga randa wakati wa mvua, mbao zimevimba. Kiangazi kilipozikausha zikasinyaa, chini pakabaki uwazi ambao kifaranga anapita bila kuinama. Nikanunua raba, nikaigongomea chini ya ubao. Mama watoto akaitazama, akakunja kitenge chakavu, akakilaza kizingitini. Cha kwake ndicho kinachofanya kazi. Ila sasa kila mgeni anaingia kwa kuinua mguu juu kama anapanda mtumbwi.

Fundi pia alituonyesha jinsi ya kuupeleleza upepo: washa udi, upitishe polepole kandokando ya fremu, moshi unapolala ndipo penye ufa. Kwangu ulilala kila mahali, hadi kwenye swichi ya taa. Majirani wawili wakaja kuuliza harusi ni ya nani.

Tulipomaliza kuziba, mama watoto akapendekeza jiko la mkaa liingie chumbani usiku. Hapo niligoma, na katika hili sina utani. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wanalala wasiamke. Jiko linabaki uani, na yale matundu ya hewa juu ya ukuta hayazibwi, hata yakipuliza. Kwa hiyo baada ya gharama zote hizo bado nalala na sweta, soksi na blanketi, ila angalau sweta halina vumbi.

Juzi baba mwenye nyumba kaja mchana kufuata kodi. Akakaa sebuleni, akajifuta jasho, akatazama huku na huku. "Mbona humu hakuna hewa? Hebu fungua hilo dirisha."

Nikafungua. Kodi ilikuwa haijatimia, ningefanyaje?